Juu kwa Gavana, Chini kwa Kinshasa

Mara ya kwanza kumwona Germaine, alikuwa amemkalia mwanamume kifuani, akimponda vidole kwa nyundo ya kuvunjia mawe. Kidole kimoja, kisha cha pili. Mwanamume analia, na mama wenzake wanaendelea kuponda kokoto kana kwamba hakuna kitu. Nilitua ndoo yangu ya munkoyo nikauliza huyu bwana kafanya nini. Nikaambiwa kaiba gunia la mjane. Basi nikawauzia wote vikombe, na tangu siku ile sikuhama tena pale.

Naitwa Orpa. Nauza munkoyo, kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi, kwenye kilima kilicho nyuma ya mtaa wa Panda, hapa Likasi, ambacho watu wanakiita Kwa Nyundo. Najua wapo watakaosema muuza munkoyo ana nini cha kusema juu ya serikali. Ninayo mengi, na nina hasira, kwa hiyo nipeni nafasi niseme.

Germaine alizaliwa Shituru, katika nyumba za kampuni, baba yake akifanya kazi kwenye tanuru la shaba. Baba alikuwa mtu wa Kasai, mama Musanga wa hapa hapa. Alipokuwa msichana ndipo ukaja ule wakati watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga. Vijana wa mtaa, wengine amesoma nao darasa moja, walisimama mlangoni na mapanga, wakauliza, "Muko bantu ya wapi?"

Baba yake hakujua kudanganya. Alitaja kijiji cha babu yake, palepale kizingitini, wakampasua kichwa. Mama mtu akamsukuma Germaine mbele. Msichana akazitazama nyuso zile, akajibu kwa Kisanga, akataja ukoo wa upande wa mama yake, na mapanga yakashuka. Baba alibebwa hadi stesheni ya Likasi, ambako maelfu ya watu walilala sakafuni wakingoja treni ya kuwarudisha kwenye nchi ambayo wengi wao hawajawahi kuiona. Na kule nako kulikuwa na walinzi, vijana wa Kasai wenye fimbo, wakiuliza kila anayeingia ni wa wapi. Germaine akawatazama, akajibu kwa Kiluba cha Kasai, akapita na sufuria ya bukari, ugali wa baba yake. Baba yake alifia palepale sakafuni, treni haijafika.

Mama yake akamwambia neno moja ambalo Germaine alinirudilia mara nyingi, akiwa na kikombe cha munkoyo mkononi: "Mutoto, mbele ya kuitika, angalia kwanza ni nani eko anakuuliza. Ukweli iko muzuri, mais haiko na muntu wa kuichunga."

Kwa neno hilo akaishi. Akaolewa na Godefroid, mchimbaji, mpole asubuhi, mbwa jioni. Walipigana mpaka majirani wakachoka kuamua, na mara nyingi aliyetoka na jeraha alikuwa Godefroid. Pombe ya lutuku ikamuua. Germaine alimlilia kwa haki yote, kisha akachukua nyundo akapanda kilimani na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ni Glody. Hakupata mwingine.

Glody alikua akawa kijana mrefu, mcheshi, mwimbaji wa kanisa la kipentekoste. Alizoea kunywa munkoyo wangu, kisha kuniambia, "Mama Orpa, hii ya leo iko na maji mingi sawa muto ya Lufira," halafu kulipa na kunikumbatia. Nilimpenda, sitaficha. Mama yake alimpenda kwa namna yake: alimtukana kila siku na kumwekea kipande kikubwa cha samaki.

Sasa nieleze mambo ya serikali, maana bila hayo hamtaelewa jinsi watu walivyokufa. Walipoikata Katanga yetu vipande vinne, tukaambiwa serikali sasa imetukaribia. Kweli ilikaribia. Zamani alikuja mtu mmoja kutusumbua, sasa wakawa wawili. Wa kwanza wa jimbo, bosi wake ni gavana kule Lubumbashi: Bwana Fidèle, kofia ya kijani. Wa pili wa serikali kuu: Bwana Rolly, kofia ya bluu, na wakubwa wake wako Kinshasa, ambako hata tupige yowe namna gani sauti haifiki. Kila mmoja ana fungu lake katika sheria. Kokoto, mchanga, mawe ya kujengea, barabara za hapa kwetu, hayo ni ya jimbo. Shaba na kobalti, na nani achimbe na wapi, hayo ni ya Kinshasa. Ofisini jambo hilo ni safi kabisa, hii yako, hii yangu. Kwetu kilima ni kimoja. Juu kuna jiwe gumu la kuponda. Ukishuka kina cha nyumba mbili hivi, jiwe linaanza kuwa la kijani, na hiyo ndiyo mukuba, shaba yenyewe, ambayo wanaume wetu waliichimbia shimo.

Kwa hiyo kilima kimoja, serikali mbili. Germaine ndiye aliyeona faida yake. Mama wapya walipokuja kutafuta kazi, wale tunaowaita mama twangaise kwa kuwa wanatwanga mawe kutwa nzima, aliwafundisha kabla hajawaonyesha mahali pa kukaa: "Juu kwa gavana, chini kwa Kinshasa. Mukikamata hii tu, hamutalia."

Na ilikuwa hivi. Gari likionekana barabarani, mtu anapiga mluzi. Germaine anasimama, anakinga jua kwa mkono, anatazama kofia. Ikiwa ya kijani, tunamwaga mawe ya kijani juu ya kokoto, na wanaume wanatoka shimoni wakiwa wamepakaa vumbi la shaba hadi kwenye kope.

"Munachimba nini hapa?" anauliza Bwana Fidèle.

"Mukuba, chef. Minerai. Weye uko wa jimbo, hii haiko kazi yako. Unataka Kinshasa ikufunge?"

Anajikuna shingo, anageuza gari. Ikiwa kofia ni ya bluu, tunalaza mbao juu ya mdomo wa shimo, tunamwaga kokoto juu ya mbao, na mama watatu wanene wanakaa hapo na nyundo zao. Wanaume chini wananyamaza.

"Munachimba nini hapa?" anauliza Bwana Rolly.

"Gravier tu, chef. Mawe ya kujenga nyumba. Uende kuuliza kwa gavana."

Anaondoka naye. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Ilikuwa kama mume mwenye nyumba mbili, kila mke anadhani amekula kwa mwenzake, na bwana analala njaa. Katika mji huu ambao umeme wa bwawa la Koni unapita juu ya vichwa vyetu kwenda kwa wengine, kuilaza serikali njaa siku moja moja kulikuwa na utamu wake.

Msidhani ilikuwa michezo mitupu. Kuna siku Rolly alirudi na askari wenye mijeledi ya matairi, wakawachapa mama mmoja mmoja, wakiuliza swali lilelile. Mgongo wa Germaine ulichanika mpaka blauzi ikaganda. Alimng'ata askari mmoja sikio, kipande akakitema kwenye kokoto, na jibu lake likabaki gravier. Siku nyingine watu wa Fidèle walichoma vibanda vyetu, ndoo yangu ikayeyuka. Jibu likabaki mukuba. Alipigwa na pande zote mbili, na pande zote mbili alizishinda.

Glody peke yake hakucheka. Alimwambia siku moja, nikiwa nawamiminia, "Mama, hawa bantu wawili siku moja batakutana hapa."

"Bakikutana batapigana bo kwa bo," Germaine akajibu. "Siye tutakaa tunaangalia."

Hapo ndipo alipokosea, na sisi sote tulikosea pamoja naye. Wazee walisema tembo wakipigana nyasi ndizo huumia. Hawakutuambia kinachozipata nyasi tembo wote wawili wakigeuza mgongo.

Ilikuwa masika, mvua imenyesha kwa wiki nzima, asubuhi ile ikapumua kidogo. Watu walishuka shimoni kwa sababu tumbo halingoji jua. Glody alikuwa chini na wenzake wawili wa Panda. Nilisikia mlio kama gunia la mahindi likidondoshwa sakafuni, lakini mkubwa, ardhi ikatetemeka, na ukingo wote wa shimo ukaingia ndani. Mama mmoja aliyekaa karibu alikwenda na udongo hadi kiunoni. Jiwe likamponda paja, mfupa ukatokeza. Tulimvuta akipiga kelele ambazo bado nazisikia.

Wanaume wakarukia kifusi na makoleo, na walipokosa makoleo wakatumia mikono, kucha zikang'oka. Lakini mawe yalikuwa makubwa kama meza. Kisha mtu akasema tunyamaze. Tukanyamaza.

Kutoka chini kulikuwa na mlio wa chuma juu ya jiwe. Wachimbaji wetu wana desturi hiyo: aliyefunikwa akiwa hai anagonga kwa patasi yake, na kila mmoja ana mdundo wake ambao nyumbani wanaujua. Wa Glody ulikuwa makofi ya wimbo wa kanisani kwao, mawili ya haraka na moja la kuchelewa. Germaine akajitupa kifudifudi, sikio juu ya udongo.

"Iko yeye," akasema. "Iko Glody. Eko muzima!"

Barabarani, umbali wa kuitana tu, lilikuwepo katapila la jimbo lililokuwa likitengeneza mitaro. Tulimkimbilia dereva. Alikuwa Exaucé, kijana aliyeimba kwaya moja na Glody, na tayari alikuwa amesimama kwenye kiti akitazama vumbi letu.

"Miye niko tayari," akasema. "Mais machine haiko yangu, ni ya jimbo. Mwenzangu aliingiza ya kwake mu shimo ya mukuba bila ruhusa, mpaka leo eko mu prison. Mumuite Bwana Fidèle, akisema neno moja tu, naingia."

Bwana Fidèle aliitwa kwa simu, na nimpe haki yake, alikuja mbio. Kofia ya kijani, viatu vinazama matopeni. Alisikia ule mdundo kwa masikio yake. Alikunja uso kama mtu anayeumia kweli. Kisha akasema, "Mama Germaine, weye mwenyewe uliniambia mara ngapi? Hapa ni mukuba. Mine, shimo ya mukuba, iko ya Kinshasa. Nikiingiza machine ya jimbo mu mine ya Kinshasa, watasema gavana anaiba minerai. Mimi nitakuwa nimeanzisha vita. Mungoje Rolly."

"Mutoto yangu eko chini, papa."

"Nasikia, mama. Mungoje Rolly, yeye ndiye mwenye shimo."

Rolly alifika na gari la askari. Chini, makofi mawili ya haraka, moja la kuchelewa. Germaine akamwangukia miguuni, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akipiga goti hata kanisani.

"Chef, uwape ruhusa machine iingie."

Rolly akamtazama Fidèle, wakapeana mikono vizuri kabisa, hakuna aliyepigana na mwenziwe. "Nimefika hapa mara nyingi," akasema Rolly. "Kila mara nakuta kokoto. Mama huyu huyu ndiye shahidi wangu. Nimeripoti Kinshasa kwamba hapa hapana mine, ni carrière ya mawe. Ajali ya carrière ni kazi ya jimbo. Nikitoa ruhusa leo, wataniuliza mine imetoka wapi."

"Mine iko yenu," akasema Fidèle.

"Carrière iko yenu," akasema Rolly.

Niliona Germaine akisimama. Alitazama kofia ya kijani, akatazama kofia ya bluu. Maisha yake yote alitazama anayeuliza, akampa jibu linalomfaa. Sasa walikuwa wawili mbele yake, na jibu la kumfaa mmoja lilimpa mwingine njia ya kukimbia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisema kweli.

"Ni byote bibili," akasema. "Juu mawe, chini mukuba. Niliwadanganya bote. Wewe nilikudanganya, na wewe nilikudanganya. Sasa munipige, munifunge, munifanye kile munataka, mais mutoe mutoto yangu!"

Mjue basi ukweli ulitufaa nini. Wale mabwana walitazamana, na nyuso zao zikalegea kwa faraja. Kama ni vyote viwili, wakasema, basi hakuna kati yao anayeweza kuamua peke yake. Ni jambo la kukutanisha jimbo na Kinshasa. Ni jambo la tume. Wakatoa simu zao, mmoja akageukia huku akipiga Lubumbashi, mwingine kule akipiga Kinshasa, kidole sikioni ili wasikie vizuri. Kwa nyuma yao, mdundo wa Glody ulikuwa umeanza kupungua nguvu. Niliwachukia siku ile, na sijaacha.

Germaine alichukua nyundo yake. Alimfuata Rolly na kumpiga mkono ulioshika simu, simu na vidole vikavunjika kwa pamoja. Fidèle alipogeuka kuona, akapigwa begani, kofia ikaruka. "Exaucé!" akapiga kelele Germaine. "Weye mutoto ya kanisa! Panda!"

Umati ukalia kama mtu mmoja. Exaucé akalitaja jina la Yesu, akapanda, katapila likanguruma na kuja juu kwa mnyororo wake, likikanyaga magunia yetu, likikanyaga ndoo zangu, na mimi nikalishangilia. Ndoo ya chuma ikazama kwenye kifusi, ikatoa jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Exaucé alifanya kazi kwa upole kama anayetoa mwiba. Kila baada ya mara kadhaa alizima mashine tusikilize. Na mdundo ulikuwa umefufuka! Haraka haraka, makofi juu ya makofi, Glody amesikia mashine. Mama wakaanza kumjibu kwa nyundo zao juu ya mawe, kilima kizima kinaimba wimbo ule. Germaine alikuwa ukingoni analia na kucheka, akimtukana mwanawe kwa majina yote. Bado kidogo tu.

Rolly, mkono ukining'inia, akawaita askari. "Machine ya jimbo mu mine ya Kinshasa! Muisimamishe!" Ona basi. Saa moja kabla hapakuwa na mine. Sasa ilikuwepo, na ilikuwa ya Kinshasa, na ilipaswa kulindwa kwa risasi.

Mama walijipanga mbele ya katapila. Askari walipiga hewani. Mama hawakutoka. Wakapiga tena, na safari hii si hewani. Mama aliyekuwa kulia kwangu alikaa chini taratibu akishika tumbo, damu ikimpita kati ya vidole, akafa akiwa amekaa. Risasi nyingine ilivunja kioo cha katapila na kumpata Exaucé begani. Mwili wake ukalala juu ya vyuma vya kuendeshea, mashine ikaruka mbele yenyewe, mnyororo ukakata ukingo uliolowa. Ukingo ukaachia. Katapila likainama polepole, likaingia kichwa chini katika shimo lile, na kilima kikashuka nyuma yake.

Exaucé tulimtoa dirishani, mkono mmoja haukuwa mkono tena. Mashine ikazimika. Tukanyamaza wote, hata askari. Germaine alilala kifudifudi, sikio chini, akagonga kwa nyundo, mawili ya haraka na moja la kuchelewa. Akangoja. Akagonga tena. Akangoja. Hakuna kilichojibu.

Yaliyofuata sitayapamba. Tuliwarukia. Gari lao likachomwa, askari mmoja akanyang'anywa bunduki na kupondwa kwa mawe mpaka uso ukapotea, na alikuwa kijana wa umri wa Glody, naye ana mama mahali. Wengine walikimbia na Rolly kati yao. Fidèle nilimkuta amejificha chini ya meza yangu ya munkoyo, amejifunika kitambaa changu. Alinitazama kwa macho ya kuomba. Niliivuta ile nguo, nikaita.

Walimburuta hadi kwa Germaine. Alimsimamia na nyundo yake juu.

"Hii shimo iko ya nani?" akamuuliza.

Sikilizeni jinsi ofisi inavyomwingia mtu hadi kwenye uboho. Damu inamtoka puani, nyundo iko juu ya kichwa chake, na bado akajibu, "Haiko yangu, mama. Nakuapia, haiko yangu."

Germaine aliishusha nyundo kwenye goti lake. Kisha akaitupa, akakaa chini.

Kumfunga hawakubishana. Polisi ni wa Kinshasa lakini gavana naye ana haki ya kuwaita, basi kwa hilo sheria mbili zilikutana upesi bila tume, wakaja kumchukua kwa jina la wote wawili. Walimpiga seli hadi meno ya mbele yakang'oka. Walitaka ataje nani alianza. Wanasema hakufungua mdomo hata kulia. Alitoka kwa sababu mama twangaise wote wa Panda na Shituru, wa kipentekoste na wa kikatoliki, walibeba mawe na nyundo zao hadi mbele ya jumba la meya, wakakaa wakaponda kutwa, kesho yake wakaponda, mpaka wenye ofisi wakashindwa kusikia hata simu zao. Wakamtoa mlango wa nyuma.

Tume ilikuja, ikala hotelini, ikaondoka. Sasa kilimani pana vibao viwili. Kimoja kinasema jimbo limefunga mahali hapa. Cha pili, hatua chache kando, kinasema mahali hapa ni mali ya Jamhuri, marufuku kuingia. Wenye mali wamepatikana, wote wawili, tena kila mmoja ameweka mlinzi wake. Glody na wale wawili wako chini, katapila liko juu yao, na hakuna aliyeruhusiwa kuwatoa, kwa sababu kutoa katapila ni kazi ya jimbo, na kufungua shimo ni kazi ya Kinshasa.

Germaine hana nyumba ya kwenda inayomfaa zaidi ya pale. Kila siku anapanda na jembe na nyundo, anapita kati ya vibao, anaanza kuchimba pembeni, ambapo udongo ni laini. Mvua inafukia, anarudia. Walinzi wa zamani walimfukuza kwa mateke, akarudi. Nami nimerudi na ndoo mpya, namwekea kikombe karibu, mara nyingine anakunywa.

Wiki iliyopita alikuja mlinzi mgeni, mimi nikiwa palepale. Hakuwa ameambiwa kitu. Alimkuta mwanamke aliyezeeka kabla ya wakati, asiye na meno ya mbele, ndani ya mtaro unaomfika kifuani, akasimama juu yake na bunduki yake na kofia yake, akamuuliza kama wanavyouliza wote.

"Mama, unachimba nini hapa?"

Nilimtazama Germaine. Nilingoja ainue kichwa, akinge jua kwa mkono, atazame kofia. Hakuinua. Jembe lilishuka, likapanda na udongo, likashuka tena.

"Mutoto yangu," akasema.